Acha tui likatike

Mama yangu ni mtu wa Lindi, na kwa mtu wa Lindi tui kukatika ni aibu. Nilikabidhiwa upawa kabla sijaruhusiwa kushika kisu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kusimama mbele ya sufuria ya samaki au ya kunde, nichote mchuzi, niuinue, niumimine tena, nichote, niinue, nimimine, mpaka tui lichemke kwa utulivu. "Usiache mkono, mwanangu. Ukiacha tu, limekatika." Nami nilijua likikatika linakuwaje: mafuta yanaelea juu, maji yanazama chini, katikati chembechembe nyeupe kama maziwa yaliyoharibika. Mgeni akiwekewa mchuzi wa namna hiyo hasemi kitu, ila anajua kwamba mpishi alikuwa barazani.

Kwa hiyo siku nilipomwona mtu mzima, mwanamke aliyejua kupika, akiliacha tui lake likatike makusudi huku amekunja mikono anatazama, nilidhani anaumwa.

Ilikuwa Tunduru, mwaka 1996. Mawe ya vito yalikuwa yameanza kutoka mto Muhuwesi miaka michache nyuma, na mji mdogo wa wakulima wa korosho ulikuwa umejaa wachimbaji, madalali na wanunuzi kutoka Sri Lanka na Thailand. Baba alikuwa dalali. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya uani, na kimoja kikapangishwa kwa mume na mke kutoka Chanthaburi, mji wa mashariki ya Thailand ambako safaya na rubi kutoka pande nyingi za dunia hupelekwa kuchomwa, kuchongwa na kuuzwa. Mume alikaa mezani tangu asubuhi na taa yake na kibano. Mke alipika. Mtaa mzima ulimwita Mama Safaya, naye akaitika.

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni: bei, kilo, kesho, hapana, nzuri. Lakini jikoni yeye na mama walielewana haraka kuliko waume zao walivyoelewana mezani. Nakumbuka siku ya kwanza alipoazima mbuzi yetu ya kukunia nazi. Aliikalia bila kufundishwa, akashika kifuu, akakuna kwa mkono mwepesi, nazi ikashuka laini kama unga. Kisha akaigonga ile mbuzi kwa kiganja, akauliza inaitwaje. Mama akamwambia, "Mbuzi." Akaonyesha kwa mkono mbuzi halisi wa jirani aliyekuwa akila maganda. Mama akasema ndiyo, mbuzi, kama huyo. Mama Safaya alicheka mpaka machozi. Hakuwa na neno la kutuambia cha kwao kinaitwaje, basi akaweka vidole viwili juu ya kichwa vikawa masikio marefu, akarukaruka palepale uani. Sungura. Kwao kifaa hichohicho, kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, kinaitwa *kratai*, yaani sungura, na mafundi wao wa zamani walikichonga kwa umbo la sungura hasa. Watu wawili waliotenganishwa na bahari nzima wameketi juu ya mnyama wakikuna nazi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi sana tangu siku ile na bado linanipa furaha.

Alikamua tui kama sisi: la kwanza zito akaliweka pembeni, la pili jepesi kwenye bakuli kubwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwao la kwanza linaitwa *hua kathi*, kichwa cha tui, na la pili *hang kathi*, mkia wa tui. Akateka lile la kichwa, kikombe kimoja hivi, akalitia peke yake kwenye sufuria pana juu ya moto. Hakukoroga. Likachemka, likapiga mapovu mazito, likaanza kupungua. Mama alikuwa anachambua mchele. Nilimwona anainua uso, anatega sikio, kwa sababu tui linalokatika lina sauti yake, linaacha kutokota na kuanza kuchirizika kama kitu kinachokaangwa.

"Mwenzangu! Tui limekatika hilo!"

"Subiri, dada."

"Unapika mafuta ya nywele?"

Swali lilikuwa la haki. Sisi watu wa pwani tunalikata tui kwa kupenda pale tu tunapotaka mafuta ya nazi ya kupaka. Mama Safaya akasema tena, "Subiri," akachota kwenye kinu donge la viungo vilivyotwangwa, jekundu lililokolea, akalitupia ndani ya yale mafuta yaliyojitenga. Uani kukanyamaza. Harufu iliyopanda pale sijui niifananishe na nini. Ilikuwa na mchaichai ndani yake, na pilipili, na kitu cha baharini, na kitu kingine kama utomvu wa msonobari ambacho sikukitambua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mama akaacha mchele wake, akaja kusimama karibu na sufuria.

Wathai wana neno la kitendo hiki: *taek man*, kupasuka mafuta. Ndiyo hatua ya kwanza ya kari zao nyingi za tui, na kwa maoni yangu ndiyo inayozitofautisha na mchuzi wetu kuliko kiungo chochote. Nalisema hili kwa sababu naona mapishi mengi ya "supu ya Kithai" yanayomwambia mtu achukue unga wa kari wa paketi, atie kwenye tui, achemshe. Hicho ni chakula kizuri, lakini ni mchuzi wetu wa nazi. Unakula hivyo Lindi, Pemba na Lamu, tena umepikwa vizuri zaidi.

Tui ni mafuta na maji yanayokaa pamoja kwa sababu protini ya nazi imevishika vitone vya mafuta visigusane. Moto ukizidi, protini inalegea na kuganda, vitone vinakutana, mafuta yanajitoa. Anayekoroga bila kuacha mkono anajitahidi ndoa hiyo isivunjike. Mpishi wa Kithai anaivunja mapema, kwa kiasi kidogo cha tui zito tu, kwa sababu anataka kukaangia viungo vyake katika mafuta hayo. Maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Viungo vibichi vilivyotiwa kwenye tui zima huchemka tu, vitunguu saumu vinabaki na ukali wa kijinga na mchaichai unabaki na ladha ya majani. Mafuta yanapanda juu zaidi ya hapo. Tena wekundu wa pilipili na sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Ndiyo maana bakuli la kari ya Kithai lina duara nyekundu zinazong'aa juu. Kwa mama zamani zile duara zilikuwa dalili ya uzembe. Kwao ni dalili kwamba mpishi alisubiri.

Neno lao la chakula hiki ni *kaeng*, na nimelipenda kwa sababu halijali kama chakula ni kizito au chepesi. Kari nyekundu ni *kaeng phet*, kaeng kali. Supu ya maji maangavu isiyo na pilipili kabisa, ya tofu na mboga, nayo ni kaeng: *kaeng chuet*, kaeng iliyopoa ladha. Sisi tunatenganisha: supu ni ya kunywa asubuhi na chapati, mchuzi ni wa kuloweka wali. Ninachopika mimi kimesimama katikati. Kinanyweka kwa kijiko, na wali unaweza kuogelea ndani yake.

Sasa naishi Dar es Salaam, narudi nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni na watoto wana njaa, kwa hiyo nizungumzie upikaji wa siku ya kazi. Dakika 25, kama rojo ya viungo ipo tayari. Rojo naitengeneza Jumapili.

Pilipili nyekundu kavu ndefu kumi na tano, zitolewe mbegu na kulowekwa kwenye maji ya moto mpaka zilegee. Mchaichai mashina matano, sehemu nyeupe ya chini tu, zilizokatwa vipande vyembamba kama sarafu. Hapa kuna jambo la uani tena: sisi tulikuwa tunakata majani ya mchaichai kwa chai na kuliacha shina ardhini liote tena, Mama Safaya aling'oa shina na kuyatupa majani. Wiki ya pili walikuwa wamefikia makubaliano, yeye anachukua chini, mama anachukua juu, ingawa kichaka chenyewe hakikunusurika. Vitunguu vidogo vyekundu vinane, au vya kawaida viwili. Vitunguu saumu kichwa kizima. Mizizi ya giligilani kama muuzaji hajaikata, na kama ameikata basi mashina yake. Ganda la ndimu mbili, la kijani tupu bila weupe wake. Mbegu za giligilani kijiko cha chakula, binzari nyembamba kijiko cha chai, pilipili manga punje ishirini, hivi vitatu vikaangwe kavu na kusagwa.

Kile kilichonukia kama msonobari ni mzizi wanaouita *khaa*. Ni ndugu wa tangawizi, mweupe zaidi, mgumu, na ukali wake unapanda puani badala ya kuwaka kooni. Mama Safaya alikuja nao umekaushwa kwenye mfuko. Mimi natumia tangawizi, kipande kisichozidi kidole gumba kwa rojo yote. Ukizidisha tangawizi, inakurudisha kwenye pilau.

Halafu uduvi. Wathai hutia *kapi*, kinyunya cha zambarau kilichotengenezwa kwa vijikamba vidogo sana vilivyotiwa chumvi, vikasagwa na kuachwa mpaka vichachuke. Vijikamba hivyo ni vya jamii moja na uduvi tunaouanika mikekani pwani. Sina haja ya kutafuta chupa ya mbali wakati uduvi upo sokoni. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, niukaange kavu mpaka unukie, niutwange kwanza peke yake uwe unga. Asiyependa harufu ya uduvi mkavu asiogope. Ndani ya rojo hauonekani, ila ukikosekana supu inakuwa kama nyumba isiyo na mkeka.

Kinu ni bora kuliko blenda. Blenda inakata, kinu kinaponda, na mchaichai uliopondwa unatoa mafuta yake. Lakini sitamwambia mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki atwange dakika arobaini. Natia blenda na maji kidogo kabisa, kisha naimalizia kwenye kinu dakika tano. Inatosha sufuria tatu. Nagawa mafungu, nagandisha.

Juu ya pilipili niongeze neno moja. Kwa Kithai pilipili manga inaitwa *phrik thai*, pilipili ya Kithai, na pilipili hizi nyekundu ni *phrik* tu. Jina limehifadhi historia: manga ndiyo iliyokuwa pilipili yao ya asili, na hizi nyekundu zilitoka Amerika na kusambazwa na Wareno, waliofika Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Wathai, mwaka 1511, miaka michache tu baada ya kuingia kwa mizinga kwenye pwani yetu. Sisi nasi tunaiita ya kale pilipili ya Manga, ya upande wa Uarabuni. Kari nyekundu tunayoiona ya kale sana isingekuwa nyekundu miaka 600 iliyopita.

Jioni yenyewe. Kama nina nazi na mtu wa kunisaidia kukuna, nakamua tui la kwanza kwa maji kidogo sana, kikombe kimoja, na la pili vikombe vitatu. Siku nyingi sina. Natumia tui la kopo au la boksi, na hapa niliumia kabla sijaelewa. Mara ya kwanza kupika peke yangu nilitia tui la kopo kwenye sufuria, nikasubiri likatike kama lilivyokatika Tunduru. Dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Likawa zito, likashika chini, likaungua, na halikutoa hata tone la mafuta. Niliuona mkono wangu ndio mbaya. Kumbe makopo mengi yana vitu vilivyowekwa makusudi ili tui lisikatike kamwe. Soma nyuma: E412 ni gamu ya gwari, E435 ni polisobeti. Kiwanda kimeifanya kazi ya upawa wangu wa utotoni. Ukipata kopo lililoandikwa nazi na maji tu, linunue, usilitikise, na uchote ule utando mzito wa juu. Usipolipata, tia kijiko kimoja na nusu cha mafuta ya nazi au ya alizeti pamoja na tui zito robo kikombe, endelea. Tui la unga sikushauri kwa supu hii. Lina ladha ya sukari na maziwa ya kopo.

Sufuria pana, moto wa wastani. Tui zito nusu kikombe, bila kifuniko, bila kukoroga sana. Linachemka, mapovu makubwa yanakuwa madogo, kando ya sufuria kunaanza kung'aa. Sikiliza. Sauti ikibadilika, tia rojo vijiko vitatu, sasa koroga kwa mwiko dakika tatu nne, mpaka mafuta mekundu yatoke pembeni na harufu ibadilike kutoka ubichi kwenda utamu. Hapa usiharakishe. Dakika nyingine zote za supu hii unaweza kuziiba, lakini si hizi.

Kisha minofu ya kuku ya mapaja, nusu kilo, vipande vya kumeza mara moja. Igeuze ishike rangi. Mimina tui jepesi lote. Nyanya chungu sita zilizopasuliwa mara nne: Wathai hutia bilinganya zao ndogo za mviringo, za kijani na nyeupe, na nyanya chungu changa inakaa mahali pake vizuri mno, ina uchungu uleule unaoupunguza utamu wa nazi. Majani machanga ya mndimu matatu manne, yaliyokunjwa ili yatoe harufu. Acha ichemke taratibu dakika kumi na mbili. Ukitumia kamba badala ya kuku, nyanya chungu zitangulie na kamba waingie dakika tatu za mwisho.

Chumvi yao ni *nam pla*, maji ya samaki. Samaki wadogo mfano wa dagaa wa baharini hulazwa na chumvi kwenye mapipa kwa mwaka na zaidi, na maji yanayotoka ndiyo hayo, rangi ya chai kavu. Rayong, mkoa unaopakana na Chanthaburi, unasifika kwa kuyatengeneza, na Mama Safaya aliyabeba chupa kwa chupa akizifunga ndani ya kanga ili zisivunjike njiani. Barabara ya kutoka Masasi enzi hizo ilikuwa vumbi na mashimo. Siku hizi supamaketi kubwa za Dar zina nam pla. Vijiko viwili vinatosha. Bila hayo, chumvi ya kawaida na uduvi kidogo zaidi.

Sukari guru kijiko cha chai. Zima moto. Ndimu moja ikamuliwe moto ukiwa umezimwa, kamwe si inapochemka, maana inapoteza harufu na kubaki uchachu mtupu. Majani ya rehani kiganja kimoja. Nimeshawahi kuambiwa na mama mkwe kwamba rehani ni ya kikuba na ya nywele za bibi harusi, si ya sufuria. Nilimwekea bakuli tu, sikubishana. Onja sasa: chumvi ije kwanza, uchachu wa ndimu, utamu wa nazi nyuma yake, na pilipili ikae mwisho kooni. Rekebisha kwa nam pla na ndimu, si kwa maji.

Tunakula na wali mweupe wa maji. Wali wa nazi hapa unazidisha. Wanangu wanapenda tambi nyembamba za mchele, nazo ni rahisi, unaziloweka kwenye maji ya moto wakati supu inachemka.

Mama Safaya na mumewe waliondoka baada ya miaka miwili. Aliacha kinu chake kidogo cha jiwe, kizito ajabu, na mama alihama nacho aliporudi Lindi, akakitumia kwa saumu na pilipili manga. Hakuwahi kupika kari ile. Nikimuuliza anasema mkono wake hauwezi kukaa kimya mbele ya tui.

Mwezi uliopita alikuja kwangu kwa ajili ya macho yake. Alikileta kile kinu ndani ya begi la nguo, akasema kimemchosha kukihamisha, kikae hapa sasa. Jioni nilikuna nazi, nikakamua, nikatia tui zito kwenye sufuria, nikageuka kukata nyanya chungu. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko. Haoni vizuri siku hizi, lakini nilimwona ametega sikio kama siku ile. Mkono wake ukaenda kwenye upawa, ukaushika, nikajua sasa atalikoroga tui.

Akauweka mapajani.

"Bado," akasema. "Subiri lichirizike."